Sherehe ya Sifuri

"Hivi Bi Siku, hiyo sindano ya surua imeshawadhuru watoto wangapi?"

Mwantumu aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua wa makuti, mkono mmoja umeshika ungo, mwingine umemkamata Shukuru, mwanawe wa miezi tisa. Lilikuwa swali la asubuhi, la jirani kwa jirani, na katika nchi nyingine lingejibiwa kabla uji haujapoa. Lakini hii ilikuwa Nchi ya Amani Tele, ambako amani ilikuwa nyingi kiasi kwamba kila mtaa ulipewa askari arobaini wa kuilinda isimwagike.

Bi Sikudhani alikuwa mtunza daftari wa zahanati ya Mtaa wa Kisima. Shule aliishia darasa la saba, na mume alimzika zamani, ila mwandiko wake ulisimama wima na hakuandika jambo asilolijua. Kila mtoto aliyechomwa sindano, mama yake alitakiwa kurudi siku ya tatu aeleze yaliyompata mwanawe, hata kama ni kupiga chafya. Asiyerudi, Bi Sikudhani alimfuata kwa miguu mpaka mlangoni kwake. Alikuwa akisema kwamba malaika wawili wanaandika mabegani mwake, na hapendi daftari lake lipishane na lao.

"Nisikudanganye, mwanangu," alimjibu Mwantumu. "Ngoja nikatazame daftarini."

"Maana Zawadi wangu alichemka siku mbili nzima. Nikajiuliza, ni wangu tu au na wa wenzangu? Kama ni wengi na wamepona, huyu mdogo namleta Jumatatu. Kama kuna kitu mnakificha, simleti, hata mnifunge kamba."

"Hakuna wa kukufunga kamba," alisema Bi Sikudhani, na alisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Daftari lilikuwa na majibu yote. Watoto elfu mbili mia sita na arobaini walikuwa wamechanjwa. Hamsini na wanane walipata homa, ya siku moja au mbili, wakapona. Mmoja kati ya hao, mtoto wa fundi viatu Ligola, homa ilimletea degedege. Alilazwa siku moja na sasa alikuwa akipanda miembe ya watu. Aliyekufa kwa sindano hakuwapo. Halafu, katika kurasa za mwanzo, kulikuwa na mwaka ule wa kabla chanjo haijafika: watoto sabini na mmoja walikufa kwa surua katika mtaa huo mmoja. Wasichana thelathini kati yao Bi Sikudhani aliwaosha kwa mikono yake.

Daktari Mbwiga, mkuu wa zahanati, alisoma hesabu ile akapiga meza kwa furaha. "Bi Siku, uvumi wote wa mtaani dawa yake ni hii. Tuinakili kwa herufi kubwa, tuibandike mlangoni. Mzazi asome mwenyewe, apime mwenyewe."

Ila katika Amani Tele hakikubandikwa kitu mlangoni bila muhuri wa Wizara ya Afya na Utulivu. Basi wakaituma hesabu makao makuu. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, na hapo ndipo walipopaswa kuogopa, maana barua yao ya kuomba bandeji ilikuwa na mwaka wa sita haijajibiwa.

*

Jibu lilikuja kwa malori mawili.

Kwanza walishuka askari wenye mijeledi, kisha wenye virungu, kisha karani mwenye meza ya kukunja, na mwisho Kapteni Chepe, Kamanda wa Kikosi cha Uhakiki wa Takwimu. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kucha safi. Aliwasalimia wote, akamuuliza Daktari hali ya mkewe, kisha akaomba apewe wale hamsini na wanane.

"Upewe vipi, afande?" aliuliza Daktari.

"Waletwe. Sheria si unaijua? Nambari isiyokuja na mwenyewe ni uvumi."

Ndivyo ilivyokuwa sheria ya nchi ile. Ilitungwa baada ya hesabu moja ya watu kuonyesha kwamba wilaya fulani ilikuwa na wenye njaa elfu tisa. Serikali, kwa kujali, iliwaita wote waje mbele wahakikiwe, na hakutokea hata mmoja aliyeweza kusimama. Tangu hapo Amani Tele haikuwa na njaa, na sheria ile ilifundishwa mashuleni kama mfano wa utawala bora.

Akina mama hamsini na saba waliletwa uwanjani wakisukumwa, na baba mmoja, fundi Ligola, ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzi. Mwantumu alikuwa wa nne kwenye foleni. Bi Sikudhani aliwekwa kiti karibu na meza, daftari mapajani, ili amtaje kila mwenye nambari.

"Mtoto wako alipata homa baada ya sindano?" Kapteni alimuuliza wa kwanza.

"Alipata, afande, ila alipo..."

Askari wawili walimlaza chini. Mjeledi ulimwendea mara sita, na kila ulipoinuka ulipasua kanga mahali papya. Wakamsimamisha.

"Mama, nauliza tena, wala usinielewe vibaya. Alipata homa?"

"Alipata joto."

"Joto la nini?"

Yule mama aliwatazama askari, akatazama juu. "La jua, afande."

"Andika," Kapteni alimwambia karani. "Jua. Toa moja."

Wa pili alihitaji mijeledi minne. Wa tatu aliwahi kusema jua kabla hajaulizwa, akapigwa miwili kwa kuharakisha. Mwantumu alilala mwenyewe chini, akang'ata upindo wa kanga, akapigwa kumi na mmoja pasipo kutoa sauti. Alipoinuka damu ilikuwa imeshuka mpaka visigino. Hakumtazama Kapteni, alimtazama Bi Sikudhani na daftari lake.

"Jua," alisema.

Ikaendelea hivyo hadi mchana, hesabu ikishuka vizuri. Karani alikuwa na kengele ndogo aliyoigonga kila mara inapotolewa kumi. Mwishoni akabaki Ligola.

Fundi Ligola alikuwa mtu wa maneno machache, kazi yake ilimfunza kusema huku midomo imebana misumari. "Mwanangu alishikwa na degedege," alisema. "Wakamtibu, akapona. Mwezi uliofuata nikamleta mdogo wake kuchomwa sindano hiyohiyo, hakuumwa hata ukucha. Mimi sina ugomvi na sindano. Ninawasifia. Mnanipigia nini?"

"Hatukupigi wewe," Kapteni alimweleza kwa upole. "Tunapiga nambari. Wewe umeibeba tu."

Virungu vikaanza magotini, vikapanda. Walimpiga mbavu mpaka zikalia kama kuni kavu, na kila walipompumzisha walimuuliza, naye kila mara alisema alishikwa na degedege, akapona, asanteni. Lile neno asanteni ndilo lililowaudhi zaidi. Kirungu cha mwisho kilimpata sikioni. Alianguka kifudifudi, damu ikamtoka puani ikachimba kijishimo mchangani, na hakujibu tena alipoulizwa.

Kapteni aliinama kumsikiliza. "Hana la kusema," alitangaza. "Toa moja. Inabaki ngapi?"

"Sifuri, afande," alijibu karani.

Kikosi kizima kikasimama wima, kikaipigia sifuri saluti.

*

Kwa kuwa Kapteni alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuhakiki upande mmoja wa daftari na kuuacha mwingine. Alifungua kurasa za surua, akaomba wale sabini na mmoja waliokufa waje mbele.

Majina yao yalisomwa kwa kipaza sauti, kila jina mara tatu. Wazazi wao waliokuwa uwanjani waliyasikia majina ambayo hawakuwa wameyasikia kwa sauti tangu siku ya mazishi. Mmoja aliitika "labeka" kwa niaba ya mwanawe, akapigwa kwa kujifanya mtu mwingine. Hakuna aliyetokea. Karani akaandika: Waligoma kuhudhuria. Sifuri.

Hapo Daktari Mbwiga alishindwa kuvumilia. "Afande, fikiri kidogo. Ukishafuta waliouawa na surua, sindano itakuwa ya kazi gani? Mzazi atamchoma mwanawe kwa kuogopa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na katika Amani Tele maswali mazuri hayakuachwa hivihivi. Askari mmoja aligeuza bunduki akamjibu kwa kitako chake. Taya la Daktari lilivunjika mahali pawili, na meno manne yakamwagika kwenye koti jeupe. Kapteni aliyahesabu, kisha akaamuru yasiandikwe, kwa kuwa yalishatengana na mwenyewe.

Jioni ile bango liligongwa misumari mlangoni pa zahanati, lenye muhuri mwekundu:

WALIODHURIKA KWA CHANJO: 0. WALIOKUFA KWA SURUA: 0. IMEHAKIKIWA.

*

Kesho yake asubuhi Mwantumu alikuja kwenye ua. Gauni lilikuwa limegandana na mgongo, akasimama kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Shukuru alikuwa kifuani kwake, maana mgongoni hapakuwa pa kumbebea.

Upande wa Bi Sikudhani, askari mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka, akila muhogo wa mwenye nyumba. Kapteni alimwacha hapo alilinde daftari.

"Nimeshasoma bango lenu," alisema Mwantumu kwa sauti ya chini. "Sasa niambie wewe, Bi Siku. Lile la kwanza, la kabla ya malori. Nitaamini utakachosema. Jumatatu ni kesho kutwa."

Bi Sikudhani alikuwa na hesabu yote kichwani. Ingetosha sentensi mbili. Alisikia kutafuna kwa askari kukikoma. Akaziona mbavu za Ligola. Akajiambia kwamba Mola anajua kilichomo moyoni, na kwamba mtu aliyelazimishwa hana dhambi. Akajiambia hayo upesi sana, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

"Ni sifuri," alisema. "Imehakikiwa."

Askari akaendelea kutafuna.

Mwantumu alitikisa kichwa taratibu. "Mimi mwenyewe nilimkanda Zawadi kwa kitambaa cha maji, wewe ukaja siku ya tatu ukaandika. Nimechapwa kwa sababu ya kuandika kwako. Leo unaniambia sifuri." Alimpandisha mtoto begani. "Basi kama hili dogo mmelificha namna hii, sijui kubwa mlilolificha likoje."

"Mwantumu, mwanangu..."

"Askari wako anataka chumvi," alisema Mwantumu, akarudi ndani.

*

Jumatatu hakuja mtu zahanati. Wala Jumatatu iliyofuata. Watu wa Mtaa wa Kisima hawakuwa wajinga. Walijua kwa migongo yao kwamba ile sifuri ya kwanza ni ya uongo. Na ile ya pili, ya surua, wengi waliichukua kwa sababu ilipendeza. Wakaanza kusema sindano inaua wanawali. Wakaanza kusema inageuza watoto kuwa askari. Mtu aliyechapwa mpaka akaita homa jua, si rahisi tena kumwonyesha kipi ni kipi.

Wizara ikahuzunika. Ikatoa tamko kwamba wananchi wanakosa imani na takwimu, na kwamba imani ingeletwa kwa gari.

Wauguzi wakapandishwa malorini katikati ya wenye virungu. Milango ilivunjwa. Akina mama walikokotwa kwa nywele, watoto wakang'ang'aniwa huku na huku mpaka bega la mmoja likateguka. Kila lori lilikuwa na idadi ya kutimiza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kibibi mmoja wa miaka themanini, aliyetoka nje kutazama kelele, aliandikwa mtoto mara tatu. Watu nao wakapanda juu ya mapaa na mawe. Muuguzi Tausi, aliyewazalisha mama za nusu ya waliokuwa mapaani, jiwe lilimtoa jicho la kushoto. Aliketi chini katikati ya barabara akiwa bado ameshika sanduku la baridi la dawa, akasema, "Nani huyo? Wewe si Chausiku? Nilikutoa kwa mama yako umetanguliza miguu." Jiwe la pili likalipasua sanduku, dawa zikamwagika matopeni, na askari wakafyatua risasi kulinda chupa tupu. Walikufa watu tisa. Hawakuhudhuria uhakiki.

Kisha surua ikaja. Yenyewe haikuwa imesoma bango.

Iliingia nyumba kwa nyumba, macho mekundu, vipele, kifua. Watoto waliochanjwa zamani, akina Zawadi, walicheza nje huku wadogo zao wakikata roho ndani. Bi Sikudhani aliitwa tena kuosha. Hakuitwa nyumba ya jirani. Siku ya Alhamisi alisikia kimya upande wa pili wa ua, akakitambua, maana alikuwa anakijua kile kimya cha nyumba ambayo kikohozi kimeisha. Alisimama na birika la maji mkononi, akangoja aitwe. Kwa Mwantumu mlango haukufunguka.

*

Kesho yake, Ijumaa, saa nne asubuhi, Waziri wa Afya na Utulivu, Mheshimiwa Sana Balozi Meja Mstaafu Mtutumo, alifika Kisima kwa Sherehe ya Sifuri. Mtaa huo ulikuwa umeshinda mitaa yote kwa usafi wa takwimu. Ukumbi wa zahanati ulipambwa karatasi za rangi juu ya mashimo ya risasi. Askari walisimama ukutani. Bi Sikudhani aliketishwa mbele, daftari mezani, maana ndiye angevishwa nishani.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "nchi nyingine zina takwimu. Zinazo nyingi, tena zimekonda, hazina wa kuzitunza. Sisi tunazo mbili tu, na zote ni duara, hazina pembe ya kumchoma mtu. Mpinzani wetu atauliza, mbona makaburi ni mapya? Nami namjibu kwa utulivu: kaburi ni ardhi, na ardhi si wizara yangu."

Makofi yalipigwa kwa muda uliopangwa. Daktari Mbwiga, taya limefungwa waya, alipiga ya kwake pia, akitazama sakafu.

Hapo ndipo Mwantumu alipoingia. Alipita katikati ya viti, mgongo umenyooka, mikononi amebeba kitu kilichofungwa shuka jeupe. Hakukimbia wala hakulia, na kwa sababu hiyo askari walichelewa kujua kama ni mgeni rasmi. Alifika mezani akakiweka juu ya hotuba ya Waziri, akafunua upande mmoja. Uso wa Shukuru ulikuwa na vipele vilivyokauka, midomo imepasuka.

"Mlisema nambari ije na mwenyewe," alisema Mwantumu. "Huyu hapa. Surua. Mwandikeni."

Ukumbi mzima ukasikika ukivuta pumzi. Waziri alisogeza kiti nyuma, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Waziri, akakirudisha.

"Tunakushukuru mama kwa ushirikiano," alisema. "Kapteni, tufuate sheria."

Kapteni Chepe alivaa glavu. Aliinama juu ya meza, sauti yake pole kama siku zote. "Mtoto, ulikufa kwa surua?"

Alingoja. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu aliinama karibu zaidi, akaweka sikio, na nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja akaanza kutapika.

"Shahidi amekaa kimya," Kapteni alitangaza. "Andika sifuri, Bi Sikudhani."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Bi Sikudhani alitazama ule uso. Aliona kwamba haukuwa umefutwa vizuri chini ya kidevu, kama anavyofuta mama aliye peke yake na hataki kuita mtu. Akasoma bismillahi. Akaandika moja, kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kisha akaandika jina la mtoto na la mama yake. Halafu akasimama, akayasema yaliyobaki kwa sauti ya kusomea darasani: elfu mbili mia sita na arobaini walichomwa, homa hamsini na wanane, degedege mmoja, akapona, waliokufa kwa sindano hakuna, waliokufa kwa surua mwaka ule, sabini na mmoja, na mwaka huu...

Kitako cha bunduki kilishuka juu ya mkono ulioshika kalamu. Vidole vilivunjika juu ya daftari, vyote vitatu vya kuandikia, na wino ukachanganyika na damu. Aliendelea kuhesabu wafu wa mwaka huu. Kirungu kikampata begani, akapiga goti, akasema kumi na saba, kumi na nane. Cha pili kilimpata mdomoni, na sauti ikawa ya matone, lakini walio mbele walisikia bado ni hesabu.

Kutoka sakafuni aliinua uso, akamtafuta Mwantumu. "Ningekwambia," alisema kupitia damu. "Siku ile pale uani. Nilikuwa nayo yote. Ungemleta Jumatatu."

Mwantumu alimfunika mwanawe, akaingiza mikono chini yake, akamwinua kutoka juu ya hotuba. Alimtazama Bi Sikudhani kwa kitambo, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Askari wa mlangoni walitazamana. Walikuwa na amri ya kupiga nambari, hawakuwa na amri ya kumzuia mtu anayeondoka nayo. Wakampisha. Naye akatoka.